Samaki Wenye Adabu

Ussi aligonga ubavu wa tangi kwa kifundo cha kidole, akasema, "Hodi."

Samaki wa mwatiko waliokuwa karibu na ukuta walitimka, maji yakaruka, kisha kundi likatulia upande wa pili. Mmoja hakutimka. Alibaki palepale mbele ya kidole cha Ussi, akipepea mapezi taratibu, kama mtu aliyesikia likiitwa jina la mwingine.

"Umemwona, daktari?" Ussi alisema kwa fahari. "Huyo ndiye kiranja wangu. Ana adabu kuliko wanangu wote."

"Na wanao wamerithi kwa nani?"

"Kwa mama yao. Uliza mtaa mzima."

Zuwena Faki, tabibu wa samaki katika shamba la bahari la Mkia wa Taa, aliinama juu ya tangi. Kiranja aliletwa kwake kwa jambo dogo tu: magamba yalikuwa yakimtoka ubavuni. Lakini sasa hakuwa akiyatazama magamba. Alikuwa akilitazama jicho.

Shamba lile halikuwa na vizimba wala nyavu. Samaki walijilisha ghuba nzima, wakatoka na kurudi kwa amri ya boya. Kila mmoja, angali mdogo kama kidole, alidungwa nyuma ya fuvu kitu kidogo kama mbegu ya mtama, na watu walikiita punje. Boya lilitoa mlio ambao sikio la mtu haliupati. Punje ikausikia, ikapeleka mkondo mwembamba wa umeme kwenye uti wa mgongo, na mkia ukapiga upande uliotakiwa. Wachungaji kama Ussi walibeba fimbo ya kuwashia na kuzimia. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yote ya uvuvi katika zama zile.

Desturi ya hodi ilianza kwa mzaha. Mchungaji mmoja alisema si vizuri kuingiza mkono nyumbani kwa watu bila kubisha, wenzake wakacheka, na mwaka uliofuata ikawa kanuni. Ilikuwa na manufaa yake: samaki akishtuka kabla ya mkono kufika, hajigongi akaumia. Kisha wachungaji wakaona kwamba wapo samaki wasioshtuka. Wakawapenda. Wakasema wamelelewa vizuri. Waliwafanya viranja na kuwatanguliza mbele ya makundi, maana kundi humfuata asiyeogopa.

"Zima punje yake," Zuwena alisema.

"Nimzime kiranja?"

"Mzime, Ussi."

Ussi aligusa maji kwa ncha ya fimbo. Kiranja alisimama. Halafu mwili wake ulianza kujikunja polepole, mgongo ukapinda kama mundu, kichwa kikaelekea juu. Akapanda hadi usoni mwa maji na kuanza kuzunguka ubavuubavu, duara moja baada ya jingine, mdomo wazi.

Zuwena aligonga tangi mwenyewe. "Hodi." Akagonga tena, na tena mara ya tatu. Wale wa upande wa pili walitimka kila alipogonga. Kiranja aliendelea na duara lake. Jicho halikugeuka.

"Ala!" Ussi alisema. "Kumbe ana nini huyu?"

*

Zuwena alimpasua kiranja mezani, dirisha likiwa wazi na upepo wa asubuhi ukileta harufu ya mikoko. Ndani ya fuvu, mahali ulipopaswa kuwa ubongo, mlikuwa na vifuko vyeupe vilivyobanana kama ufuta kwenye kashata. Vingine vilifuatana ndani ya uti wa mgongo hadi karibu na mkia. Zuwena alikichana kimoja kwa sindano, na chini ya kioo cha kukuzia akaona mnyoo mchanga amejikunja.

Aliufahamu ugonjwa ule vitabuni. Mnyoo huyu hukomaa tumboni mwa ndege, na pale Mkia wa Taa ndege mwenyewe alikuwa yangeyange. Mayai yake hushuka na kinyesi hadi kwenye matope ya mikoko, tondo, konokono wa matopeni, wakayala. Ndani ya tondo hao mnyoo hubadilika umbo, hutoka, huogelea kidogo, humchoma samaki ngozini na kupanda na mishipa ya fahamu hadi kichwani. Hapo hujenga kifuko, husubiri. Samaki hupinda mgongo na kuzunguka usoni mwa maji, na yangeyange humwona kutoka mbali. Kuzunguka kule si bahati mbaya. Ni mnyoo anayempungia ndege mkono.

Katika shamba la kawaida ugonjwa huo huonekana wiki za kwanza. Hapa haukuonekana, kwa kuwa kila mnyoo alipoupinda mgongo, punje iliunyoosha.

Ussi alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani. "Basi watu wamekula minyoo siku zote hizi?"

"Ukimpika vizuri hapati madhara mtu. Si sumu."

"Alhamdulillah. Basi hakuna neno."

Alikitazama kichwa kilichofunuliwa, akakuna kidevu.

"Lakini daktari, mimi nimeandamana na kiranja huyu tangu kusi ianze. Nikimwita anakuja. Nikimpeleka anakwenda. Na humu ndani hamna kitu. Sasa nani aliyekuwa akiogelea?"

Zuwena alifunika sinia. Swali lenyewe lilikuwa limekwisha kumtangulia nyumbani.

*

Baba yake, Mzee Faki Shaame, aliketi barazani kwenye kiti chake cha mkonge, kanzu safi, kofia imekaa sawa. Zamani alikuwa karani wa bandari, na bandari nzima ilimwogopa. Kisha kiharusi kilimpiga. Upande wa kulia ulikufa, ulimi ukafungwa. Mkono wa kushoto tu ndio uliobaki wake. Hospitali ilimtia punje. Haikutofautiana na punje ya samaki ila kwa bei na kwa kazi: hii iliendesha pia koo na ulimi. Mgonjwa akianza kutamka na kushindwa, punje humalizia. Na kwa kuwa mwanzoni mgonjwa hana la kuifundisha, watengenezaji waliijaza maneno ya heshima, kwani hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kuwa na heshima.

Zuwena aliingia kwa mlango wa uani, kama alivyozoea.

"Umerudi, mwanangu," Mzee Faki alisema. "Umeshindaje?"

"Vyema, baba. Wewe?"

"Alhamdulillah."

Shangazi Mafunda, dada wa mzee, alileta birika na vikombe. Alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno mengi, na tangu ndugu yake apone alikuwa akimsifu kwa kila anayepita. "Kiharusi kimemfunza," alisema akimimina. "Faki huyu niliyemjua mimi alikuwa akinuna mpaka paka anahama. Leo mtazame! Chochote umpacho, ahsante. Wallahi tungejua, tungemwombea kiharusi mapema."

"Shangazi!"

"Natania. Kunywa chai."

Zuwena alionja, akatema. Ilikuwa na chumvi. Shangazi alionja naye, akapiga kelele, akailaani mikebe miwili iliyofanana. Wote wawili wakamgeukia Mzee Faki kumpokonya kikombe alichokishika kwa mkono wa kulia.

Kilikuwa kitupu.

"Chai nzuri," Mzee Faki alisema. "Mungu awabariki."

"Unaona?" Shangazi alisema, macho yamemlowa kwa kicheko. "Unaona adabu hiyo?"

Zuwena aliona. Alimkumbuka baba yake akimwaga chai uani kwa sababu iliki ilizidi. Alimkumbuka pia alivyokuwa na wageni. Mtu akibisha mlangoni, Mzee Faki hakujibu. Akibisha tena, alifungua ukurasa wa gazeti. Mkewe alimsihi, "Faki, mjibu mtu," naye akasema, "Mwenye haja ya kweli atabisha ya tatu." Na ya tatu ilipogongwa, ndipo alipotoa "Karibu" iliyotikisa mlango. Sunna ni kubisha mara tatu, asipojibiwa mtu arudi. Mzee Faki aliitumia sunna mpaka ukingoni mwake.

Sasa wageni walijibiwa na shangazi kutoka jikoni, kabla hata hawajamaliza neno. Na mtu wa nyumbani habishi kwao.

*

"Neno lenyewe ni moja tu," alisema Mbarouk Shoka, msimamizi wa shamba. "Hai. Mkaguzi Bi Nyevu anakuja kesho na meli ya matangi. Atakuuliza, 'Samaki hawa ni hai?' Utamjibu, 'Ni hai.' Basi."

Walikuwa wamesimama kwenye gati la mbao. Chini yao kundi lilipita katika safu zilizonyooka mno. Tangu asubuhi Zuwena na Ussi walikuwa wamejaribu makundi yote, na kila kundi lilikuwa na wenye adabu wake. Katika mengine walikuwa ndio wengi.

"Wanunuzi wanalipia samaki hai," Zuwena alisema.

"Wanaogelea, hawaogelei?"

"Punje ndiyo inayoogelea."

"Wanakula?"

"Boya likiwaambia."

"Sasa sikiliza, mwanangu." Mbarouk alikuwa amesoma na baba yake Zuwena chuoni, na hakuwa mtu mbaya. Sauti yake ilishuka. "Sheria unaijua. Mwenye punje, akiitwa akaitikia, yu hai. Sentensi moja. Walioitunga walikuwa na haraka, wakawatia samaki na watu katika sentensi hiyohiyo. Wewe ni tabibu uliyeapishwa. Ukisema mbele ya mkaguzi kwamba kuitikia si uhai, neno lako litapelekwa Baraza la Uhai, na sentensi itaanguka. Ikianguka kwa samaki, kwa watu itasimama juu ya nini?"

Zuwena aliwafuata samaki kwa macho.

"Watakwenda nyumba kwa nyumba kuwajaribu. Asiyeonekana kuwamo ndani, punje yake itazimwa. Na shimo litachimbwa, Zuwena. Baba yako anakula, anatembea mpaka msikitini, anawaombea watu dua. Nani amekutuma ukamtafute kama yumo?"

"Kama yumo, hapati hasara."

"Na kama hayumo?"

Samaki walifika mwisho wa gati, wakageuka wote kwa pamoja.

"Hakuna anayeumia," Mbarouk alisema. "Mlaji haumii. Samaki haumii, umesema mwenyewe hamna kitu kichwani. Uongo usiomuumiza mtu ni uongo gani?"

Zuwena alilifikiria hilo usiku kucha kwa utaratibu, kama alivyofundishwa kufikiri. Aliweka hoja ya Mbarouk upande mmoja, nayo ilikuwa nzito. Upande wa pili aliweka kitu kimoja tu: kwamba aliyekwisha kwenda ana haki ya kujulikana amekwenda. Baba yake, kama hayumo, alikuwa hajasomewa hata khitima. Watu walikuwa wakicheka na kiti chake.

*

Bi Nyevu, mkaguzi wa wanunuzi, alishuka melini na buti za mpira na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipokea salamu, akakataa madafu, akaenda moja kwa moja hadi ukingoni mwa gati.

Mbarouk aliwaamrisha samaki. Kundi lilikuja kwa safu, likapinda kulia, likapinda kushoto, likasimama mbele ya mkaguzi kama askari wa gwaride.

"Wazuri," Bi Nyevu alisema. "Wazuri kupita kiasi. Daktari, hawa ni hai?"

"Ussi," Zuwena aliita, "lizime boya."

Ussi alimtazama Mbarouk. Mbarouk alitazama bahari. Ussi akazima.

Safu zilivunjika. Samaki wengine walitawanyika ovyo, kama watoto waliosikia kengele ya kutokea. Waliosalia walipanda juu polepole, migongo imepinda, wakaanza kuzunguka. Maji mbele ya gati yalijaa maduara, mengine makubwa, mengine madogo, pasipo sauti. Kutoka kwenye mikoko, yangeyange wa kwanza aliruka.

Zuwena alipiga magoti, akagonga nguzo ya gati kwa jiwe. "Hodi." Waliokuwa wakiogelea ovyo walizama. Akagonga mara ya pili. Akasubiri. Akagonga mara ya tatu, na akasubiri zaidi.

"Waliokimbia ni hai," alisema akisimama. "Hawa waliobaki si hai. Mnyoo amekula kichwa, punje imeshika mwili. Manahodha wawili, na mwenye chombo hayupo."

Bi Nyevu aliwatazama wale samaki. "Umelisema mbele ya mashahidi," alisema. "Nami nitalifikisha. Unajua linakokwenda?"

"Najua."

"Una mtu mwenye punje?"

"Baba yangu."

Mkaguzi alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, ingawa haikuwa na doa. "Pole, dada. Baraza haliendi polepole katika mambo kama haya. Watakuja na hodi yako hiyohiyo mlangoni."

"Ndiyo maana nataka niwatangulie," Zuwena alisema. Akamwomba Ussi fimbo yake.

Ussi alimpa kwa mikono miwili.

*

Ilikuwa alasiri. Shangazi Mafunda alikuwa amekwenda kwa jirani kuazima mbuzi wa kukunia nazi, na kwa kawaida yake hakwenda kuazima tu. Nyumba ilikuwa kimya.

Zuwena hakuingia kwa uani. Alizunguka hadi mlango wa mbele, uliokuwa wazi, pazia limefungwa upande. Baba yake alikuwa sebuleni kwenye kiti cha mkonge, ameuelekea mlango.

"Umerudi, mwanangu," Mzee Faki alisema. "Umeshindaje?"

"Baba, nisamehe," Zuwena alisema, akavuka kizingiti, akainua fimbo na kuizima punje.

Mwili ulishuka. Hakuanguka, alikaa vilevile, ila kichwa kiliegemea bega na bega likaegemea kiti, na upande wa kulia wa uso ukateremka kama nguo iliyotoka kwenye msumari. Macho yalikuwa wazi. Mkono wa kushoto, ule ambao kiharusi hakikuugusa na punje haikuwahi kuuendesha, ulilala juu ya paja.

Mkono ule ulitosha. Kama yumo, angeweza kuuinua. Angeweza hata kidole.

Zuwena alirudi nje ya kizingiti. Aligonga mwimo wa mlango.

"Hodi."

Mkono haukusogea. Nzi alitua mezani, akatembea, akaruka.

Alingoja. Alijua kwamba hodi ya kwanza haina maana katika nyumba hii, haikuwahi kuwa na maana. Aliona kama angeweza kusikia gazeti likifunguliwa.

Aligonga tena. "Hodi."

Mkono haukusogea.

Hata hii haikuwa dalili ya kitu. Baba yake hakuwahi kumjibu mtu hodi ya pili, si liwali wala shekhe. Kwa kuketi pale kimya, macho yake yakiwa mlangoni, alifanana na Faki Shaame kuliko alivyofanana naye siku yoyote tangu augue. Zuwena alisimama na ngumi yake karibu na mbao. Mtu aliyebisha mara mbili bado ana mwenyeji. Akibisha ya tatu, ama anakaribishwa, ama anaondoka.

Ngumi ilibaki hewani.

Aliishusha. Haikuwa lazima iwe leo, alijiambia. Baraza halijafika. Angemwacha baba yake na hodi mbili, na ya tatu iwe akiba. Alinyoosha fimbo na kuwasha punje.

Uso ulipanda, bega likanyooka, kofia ikakaa sawa. Kilichosalia cha mlio wa hodi ya pili labda kilikuwa bado sikioni, nayo punje ikaona neno limeanzwa halijamaliziwa. Ikamalizia.

"Karibu, mwanangu," Mzee Faki alisema kwa upole, hodi ya tatu haijabishwa. "Karibu, karibu ndani. Huna haja ya kubisha."

Zuwena alisimama kizingitini, amekaribishwa vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kufika kwenye mlango ule, na miguu yake ikakataa kuingia.